Presha Haipigi Hodi



Mwezi huu tulikuwa tumeazimia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya watoto wanaokataa kula. Imetubidi kuyaweka kando, maana tulipata barua ambayo haikuweza kungoja. Mama aliyeiandika ametupa ruhusa kuitumia kwa faida ya wengine, ila jina lake na kijiji chake tumevificha, kwa sababu mambo ya uzazi yana heshima yake.

Mama huyu ana watoto wawili, na wakati alipotuandikia alikuwa na mimba ya tatu iliyokuwa imetimiza miezi saba. Mtoto wa kwanza alimzaa hospitali. Anasema alikaa peke yake usiku kucha. Alipoita alikaripiwa, na alipolia aliulizwa kama alilia hivyo siku ya kuitafuta mimba. Mtoto akatoka hakuna mtu chumbani. Wa pili alimzaa nyumbani mwake, mikononi mwa mama mkwe wake, ambaye ni mkunga wa jadi aliyewapokea watoto wengi hapo kijijini. Uchungu ulikuwa wa saa chache, alipewa uji wa moto, akasuguliwa mgongo, na mtoto alipolia wifi zake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatarudi tena hospitali.

Kila kitu kilikuwa tayari: kanga safi, wembe mpya, glovu, mpira wa kutandika. Kisha akaenda kliniki kwa hudhurio la kawaida, na muuguzi akamwambia presha yake ni 146 kwa 94. Akaambiwa apumzike kidogo, apimwe tena, kisha arudi baada ya siku chache. Yeye akachukua kadi yake akaondoka, wala hakurudi. Aliogopa kwamba akirudi watamlaza, na mpango wake wa nyumbani utakuwa umekufa.

Maswali yake yalikuwa matatu. Je, presha hii si woga tu, kwa kuwa kila akiona koti jeupe moyo unamwenda mbio? Je, hawezi kuishusha mwenyewe kwa kitunguu saumu, kuacha chumvi na kuomba? Na tena, kama mtoto wa pili alizaliwa salama nyumbani, kwa nini wa tatu asizaliwe hapo hapo?

Wapendwa, gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na mimba ya miezi saba haina miezi mingi ya kungoja. Kwa bahati aliandika namba ya simu chini ya barua, nasi tukampigia siku ile ile. Tuliyomwambia ndiyo tunayowaandikia hapa, kwa urefu zaidi.

Hatukumkaripia

Kwanza tulimwambia pole. Alitendewa vibaya, na kusema hivyo si kuwachukia wauguzi. Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alifanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, naye anakiri kwamba zimo wodi ambamo mzazi husemeshwa kama mtoto mtukutu. Mama akichagua kuzalia nyumbani baada ya hayo, tusikimbilie kusema kwamba hana akili. Ametafuta mahali pa kuheshimiwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 8 kati ya kila 10 walizaliwa katika vituo vya afya. Basi wako wawili ambao hawakuzaliwa huko, na mama zao wana sababu zao: umbali, fedha, mila, au jeraha la moyo kama la dada yetu huyu. Hao ndio tunaotaka watusikilize leo.

Pili, tulimsimulia jambo ambalo hatujawahi kuliandika katika ukurasa huu.

Mwaka 1998, katika jumuiya yetu, mama mmoja kijana alijifungua mtoto wake wa kwanza nyumbani. Siku za mwisho miguu na uso vilikuwa vimemvimba, nasi tulimtania kwamba amenenepa kwa raha. Alijifungua vizuri, mtoto wa kiume, tukaimba. Usiku wa pili akalalamika kichwa kinamuuma sana na macho hayaoni vizuri. Tukampa chai na vidonge vya maumivu. Kabla ya alfajiri akakakamaa, macho yakageuka, mwili ukatetemeka, povu likamtoka mdomoni. Waliokuwepo wakasema ni pepo. Tukaitwa tukaombe. Nasi tulikwenda, tukaomba, tukaimba, tukamshika mikono na miguu asijiumize, mpaka kulipokucha. Baiskeli ilipopatikana alikwisha kutikisika mara nne. Hakufika hospitali.

Halikuwa pepo. Kilikuwa kifafa cha mimba, na chanzo chake kilikuwa presha ambayo hakuna aliyeipima. Yule mtoto leo ni mtu mzima mwenye familia yake. Tukikutana naye hutusalimia kwa heshima, shikamoo mama, nasi huitikia marahaba huku tukikumbuka usiku ule. Hatusemi maombi yalikuwa makosa. Kosa letu ni kwamba tuliomba tukiwa tumekaa, wakati ilitupasa kuomba tukiwa njiani.

Presha ni nini?

Damu inaposukumwa na moyo hugandamiza kuta za mishipa. Mgandamizo huo ndio presha. Namba ya juu ni ya wakati moyo unaposukuma, na namba ya chini ni ya wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mkanda ule wa kufunga mkononi na kujaza upepo ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Kwa hiyo kipimo hiki kina umri wa zaidi ya miaka 100, hakiumizi, na huchukua dakika chache tu.

Kwa mjamzito, namba ya kukumbuka ni 140 kwa 90. Namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, na ikabaki hivyo ikipimwa tena baada ya saa kadhaa, hiyo ni presha ya juu. Hata namba moja tu kati ya hizo mbili ikivuka inatosha; si lazima zivuke zote. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama mama anajisikia mzima kabisa na anapepeta mchele.

Presha ikipanda baada ya wiki 20, yaani karibu miezi mitano ya mimba, na mkojo ukaonyesha protini, au ini, figo, damu au macho yakaanza kuathirika, ugonjwa huo ni mkubwa kuliko presha peke yake. Ukiachwa unaweza kufikia kifafa, kiharusi, kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, au mtoto kudumaa tumboni na hata kufa. Shirika la Afya Duniani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, lilikadiria kwamba magonjwa ya presha yalichangia asilimia 14 ya vifo vya wanawake vinavyotokana na uzazi duniani.

Nalo tatizo kubwa ni hili: presha haipigi hodi. Wengi hawaumwi popote, hata kuvimba hawavimbi. Kwa upande mwingine, miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi wasio na ugonjwa. Kwa hiyo huwezi kuijua presha kwa kujitazama, wala mama mkwe hawezi kuijua kwa kukupapasa tumbo, hata awe amepokea watoto 100. Hujulikana kwa kupima tu.

Je, si woga tu?

Inawezekana ni woga. Hilo hatulikatai. Mtu aliyetembea saa mbili juani, akasimama kwenye foleni, kisha akaitwa kwa ukali, presha yake inaweza kupanda kwa muda. Lakini woga hauthibitishwi kwa kukimbia. Huthibitishwa kwa kupima tena. Ikiwa ni woga, namba zitashuka nawe utarudi nyumbani umepumzika. Ikiwa si woga, utakuwa umejua mapema. Katika hali zote mbili, aliyerudi kupima amepata faida.

Tena kipimo kina taratibu zake, nawe unayo haki ya kuomba zifuatwe. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa wala chai ya rangi. Mkono uwe wazi bila nguo, uegemee juu ya meza, usawa wa moyo. Mama mwenye mkono mnene afungwe mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo huonyesha namba kubwa kuliko ilivyo kweli. Kisha sema kwa upole, "Dada, naomba unisomee namba, nami niandike."

Uwe na daftari dogo. Andika tarehe, saa, na namba zote mbili. Kama zahanati iko karibu, au mhudumu wa afya wa jamii ana mashine, pima siku na saa mtakazopatana. Mama mwenye wasiwasi anayejipima mara 10 kwa siku hujiongezea wasiwasi bure. Naye asiyepima kabisa hujidanganya. Kupima kwa mpango ndiyo dawa ya woga.

Kitunguu saumu, chumvi na vidonge vya jirani

Ugonjwa huu hauletwi na hasira za mume wala jicho la jirani. Wataalamu wanatuambia mizizi yake iko kwenye kondo la nyuma, mishipa ya damu inapokuwa haikujengeka vizuri tangu miezi ya mwanzo. Mama hakufanya kosa lolote. Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, waliopita miaka 35 na hasa 40, wanene sana, wenye kisukari au ugonjwa wa figo, waliokuwa na presha kabla ya mimba, na waliowahi kuupata ugonjwa huu katika mimba iliyotangulia. Lakini hata asiye miongoni mwa hao anaweza kuupata. Dada yetu alizaa mara mbili bila presha. Ya tatu ikaja nayo.

Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha mboga, wala hatumkatazi mtu. Lakini hakitibu presha ya mimba. Kuacha chumvi kabisa nako hakuzuii ugonjwa huu. Kula chumvi kwa kiasi kama mtu yeyote. Kulala kitandani kutwa nzima hakuuponyi. Kinachojulikana kusaidia kuuzuia ni madini ya kalisi kwa akina mama ambao chakula chao kina upungufu wake, na aspirini ya kipimo kidogo kwa walio katika hatari kubwa, ikianzwa mapema kwa amri ya daktari. Mwulize mhudumu wako juu ya vyote viwili, usijinunulie dukani. Katika chakula, maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao vina kalisi nyingi.

Onyo moja kali: usitumie vidonge vya presha vya baba mkwe au vya jirani. Dawa kama kaptoprili, enalaprili na losatani zinawafaa watu wengine, lakini zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ziko dawa zinazotumika katika ujauzito, kama methildopa, nifedipini na labetaloli, na daktari ndiye ajuaye ipi inakufaa na kwa kipimo gani. Mama aliyekuwa akitumia dawa za presha kabla ya mimba asiziache kimyakimya. Aende mapema abadilishiwe.

Je, bado anaweza kuzalia nyumbani?

Hapa ndipo dada yetu alipotaka jibu la ndiyo, nasi tukampa jibu la hapana. Tutaeleza sababu.

Uholanzi ina desturi ya miaka mingi ya akina mama kujifungulia nyumbani wakiwa na mkunga aliyesomea. Uingereza nako ulifanyika uchunguzi mkubwa juu ya mahali pa kujifungulia, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Ulihusu zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na matatizo. Kwa wale waliokwisha kuzaa kabla, kujifungulia nyumbani hakukuonekana kuwaongezea watoto hatari. Kwa wenye mimba ya kwanza hatari iliongezeka. Mtu akisoma hapo tu atasema, "Mnaona? Wazungu nao wanazalia nyumbani!" Lakini asome mpaka mwisho. Wakunga hao wamesomea, wana vifaa, na gari la wagonjwa huja likiitwa. Na zaidi ya yote, mama mwenye presha ya juu hahesabiwi katika kundi hilo. Hata huko ambako kuzalia nyumbani ni jambo la kawaida, presha ikipanda mkunga mwenyewe humpeleka mama hospitali.

Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa huu hauanzi kupona mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke, na wakati wa kuvitoa hupangwa kwa kupima damu na mkojo wa mama na kusikiliza moyo wa mtoto. Mara nyingi mimba ikifika wiki 37 madaktari hushauri uchungu uanzishwe, kusingojwe zaidi. Na kifafa kikitokea, iko dawa ya sindano iitwayo magnesiamu salfeti. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002, uliohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo haiko kwenye kikapu cha mkunga wa jadi, wala mikono mizuri haiwezi kushika nafasi yake.

Basi, mama unayefikiria kuzalia nyumbani, kwa sababu yoyote ile, tunakusihi mpango wako uandike pia mambo yatakayouvunja. Usiseme tu, "Nitazalia nyumbani." Sema mbele ya mume na mama mkwe: "Presha ikifika 140 kwa 90, tunakwenda. Kichwa kikiuma bila kupoa, tunakwenda. Nikiona maluweluwe, tunakwenda." Amueni hayo mapema, mchana, watu wametulia. Usiku wa uchungu si wakati wa kuitisha kikao cha ukoo.

Yachukue ya nyumbani uende nayo

Tulimwuliza dada yetu: Ni kitu gani hasa ulichokipenda nyumbani? Akafikiri, kisha akasema, "Mama mkwe hakuniacha."

Tukamwambia, basi nenda naye. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu. Vituo vingine vimekubali, vingine bado vinasema nafasi ni finyu. Ndiyo maana inafaa kwenda kuuliza kabla ya siku yenyewe. Nenda ukiwa na mama mkwe, mtembelee mganga mfawidhi au muuguzi wa zamu, mseme: "Huyu ni mama yangu, ndiye atakayekaa nami. Mara ya kwanza niliachwa peke yangu, ninaogopa." Si wote watakaokujibu vizuri. Lakini tumeona mara nyingi kwamba muuguzi aliyekwisha kukujua kwa jina hakusemeshi kama mgeni.

Nawe mama mkwe, mkunga wetu wa jadi, usione kwamba umenyang'anywa kazi yako. Wewe unamjua mkwe wako kuliko daktari. Kazi yako sasa ni kumsindikiza, kumsugua mgongo, kumpa uji, na kupiga kelele akisahauliwa. Ila dawa za miti za kuongeza uchungu ziache nyumbani.

Tena yapangeni mambo haya mapema:

Fedha ya nauli iwekwe pembeni tangu mwezi wa saba, hata kama ni kidogo kidogo kutoka kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa.

Mjue dereva wa bodaboda au gari anayelala karibu, na wa pili kama wa kwanza hayupo. Hapa Tanzania uko pia mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115 kwa ajili ya kumsafirisha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura. Iandikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa.

Anayekaa mbali aulize kama hospitali ya wilaya ina nyumba ya wajawazito ya kusubiria, ambayo sehemu nyingine huitwa chigonella. Ni bora kungojea uchungu hatua chache kutoka wodini kuliko kuvuka mto usiku.

Kadi ya kliniki na lile daftari la presha vikae pamoja na kanga za mtoto.

Dalili zisizongoja asubuhi

Kichwa kuuma sana bila kupoa. Macho kuona giza, vimulimuli au vitu viwili viwili. Maumivu makali kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu upande wa kulia. Uso na mikono kuvimba ghafla. Kupumua kwa shida. Mkojo kuwa kidogo sana. Mtoto kupunguza kucheza. Damu kutoka ukeni. Ukiona hata moja, ondoka saa hiyo hiyo.

Akipatwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu. Msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko mdomoni, msimpe maji wala dawa ya kunywa. Mtetemeko ukipita, abebwe mara moja. Mkipita kwenye zahanati njiani, ulizeni kama wana magnesiamu salfeti ili apewe dozi ya kwanza kabla ya kuendelea na safari.

Na tena, hatari haiishi mtoto anapolia. Presha huweza kupanda siku chache baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja baada ya uzazi, kama kilivyomjia yule mama wa mwaka 1998. Mzazi aliyekuwa na presha apimwe kabla ya kutoka hospitali, apimwe tena katika wiki ya kwanza, na aendelee kuangaliwa mpaka wiki ya sita. Mwili ule unaolazwa ndani kwa siku 40 na kupikiwa supu, uutoe kidogo uende ukapimwe.

Maombi na mkanda wa presha

Dada yetu aliuliza kama kwenda hospitali si kukosa imani. Tulimkumbusha kwamba Luka, aliyetuandikia habari za Elisabeti na Mariamu wakiwa wajawazito, anaitwa tabibu katika barua ya Paulo kwa Wakolosai. Tulimkumbusha pia wale wakunga wawili wa kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua, ambao Maandiko yanawataja kwa majina. Naye Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, alifariki njiani akijifungua Benyamini. Uchaji wa nyumba ile haukumwondolea hatari ya uzazi. Kumwomba Mungu na kunyoosha mkono ufungwe mkanda ni mambo yanayokaa pamoja. Wazee wetu walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Alikwenda Jumatatu, yeye na mama mkwe. Mara ya kwanza presha ilikuwa 158 kwa 100. Wakampumzisha, wakapima tena, ikawa 152 kwa 98, na mkojo ukaonyesha protini. Hakikuwa woga. Alianzishiwa dawa, akawa anahudhuria mara mbili kwa wiki, na mwishowe alilazwa. Uchungu ulianzishwa mimba ilipofika wiki 37. Anasema muuguzi mmoja alikuwa mkali na mwingine alikuwa mpole, na mama mkwe aliruhusiwa kuingia baada ya kubishana kidogo mlangoni. Alizaa binti. Siku ya nne presha ikapanda tena, akaongezewa dawa, akabaki wodini hadi iliposhuka.

Tulipompigia mara ya mwisho, aliyepokea simu ni mama mkwe. Alitueleza kwamba siku hizi mjamzito akimjia, kabla ya kumshika tumbo humwuliza kwanza, "Kadi yako iko wapi? Presha yako ni ngapi?" Asiye na jibu humtuma zahanati.

Nanyi akina mama mnaosoma ukurasa huu, mwulizeni vivyo hivyo jirani, binti na mkwe mwenye mimba. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutawarudia wale watoto wanaokataa kula. Mbaki salama.